Mchezo Usiokosa Kitu

Msinielewe vibaya. Nchi yetu ni nzuri, na mtu akikwambia vinginevyo muulize anakaa mtaa gani, halafu niletee jina lake, maana mimi ni Mjumbe wa Mtaa wa Matanuri na kazi ya mjumbe ni kujua. Nchi yenyewe sitaitaja. Kila aliyewahi kuitaja bila kibali alijikuta akieleza kwa nini. Haya nayasimulia kwa moyo mweupe kabisa, na kama kuna mahali utacheka, ujue umecheka mwenyewe.

Lazima kwanza uijue desturi yetu moja, la sivyo hutaelewa kitu. Kwetu sisi kitu hupongezwa kwanza, kisha ndipo hutazamwa. Barabara tunaipongeza kabla greda halijafika. Daraja la Ukombozi tulilipongeza kwa ngoma na ng'ombe wa kuchinja, na ilipobainika baadaye kwamba mahali pale hapana mto, hakuna aliyenuna, kwa sababu pongezi zilikuwa zimeshatoka na kwetu pongezi hazirudishwi. Mgeni mmoja aliwahi kuuliza kwa nini tusingoje kidogo tuone ndipo tupongeze. Alisindikizwa uwanja wa ndege kwa heshima zote.

Sasa basi, ilipotangazwa kwamba Serikali inatengeneza gemu la taifa, la kuchezwa kwenye televisheni, tulipongeza kama hatujawahi kupongeza.

Jina lake lilikuwa Taifa Kamili. Waziri wa Burudani na Uzalendo, Mheshimiwa Fumbwe, mtu mwenye shingo nene na sauti nyembamba, alilieleza redioni mwenyewe.

"Wananchi!" alisema. "Mataifa mengine yana magemu ya watu wasiokuwepo, wanaopigana na mazimwi yasiyokuwepo. Gemu letu litakuwa la sisi wenyewe! Kila raia atakuwamo, kwa sura yake, kwa nyumba yake, kwa kitanda chake. Hakuna atakayesahauliwa. Mchezo huu hautakosa kitu!"

Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa kwenye vitenge, kwenye kofia, kwenye migongo ya malori na juu ya keki ya harusi ya binti wa Katibu Mkuu. Watoto wa shule waliyaimba kwa sauti nne. Kila mwaka Waziri alitangaza kwamba mchezo umekaribia, na kila mwaka tuliandamana kupongeza ukaribiaji wake. Kisha televisheni ikaanza kuonesha vionjo. Kwenye vionjo tuliona mvua inanyesha na mihogo inachipua papo hapo. Tuliona raia wa kawaida akirusha ndege. Lakini kilichowapagawisha vijana ni friji. Katika kionjo kimoja mchezaji aliingia geti la Ikulu, akapigiwa saluti, akapita moja kwa moja mpaka jikoni na kushika mpini wa friji ya Mtukufu Rais. Hapo kionjo kikakatika.

Tangu siku hiyo nchi haikuwa na mazungumzo mengine. Ndani ya friji kuna nini? Watu walioana na kuzikana huku wakibishana kuhusu friji. Msomi mmoja wa chuo kikuu alitoa mhadhara kwamba ndani mna samaki, akajibiwa na mwingine kwamba mna matumaini. Sote tulikubaliana kwamba subira yetu ni uzalendo.

*

Mtaani kwetu mwenye hamu kuliko wote alikuwa Kidawa.

Kidawa alikuwa na banda la gemu karibu na matanuri ya zamani ya matofali, banda la mabati lenye televisheni ukutani na mabenchi yaliyong'arishwa na suruali za vijana. Hakuna aliyemshinda kucheza. Vijana wenye ndevu walikuwa wakija kutoka mitaa mingine kujipima naye, wanatoka wameshika vichwa. Mumewe, Chande, alikuwa fundi baiskeli na alifanyia kazi hapo hapo nje ya banda. Mtu mrefu, mikono imejaa grisi saa zote, na mdomo haujui kupumzika. Nikipita na baiskeli yangu alikuwa akipiga kelele, "Mjumbe, hiyo baiskeli inalia! Au ni wewe?" Mimi nilikuwa nacheka, kwa sababu wakati huo kucheka hakukuwa na utaratibu.

Siku mchezo ulipogawiwa kwa kila kaya, tuliukata utepe rasmi pale pale kwa Kidawa. Nilitoa hotuba. Nilisema nimeshaona magemu mengi lakini halijatokea kama hili, ingawa lilikuwa bado ndani ya boksi. Watu wakapiga makofi, tukapongeza, tukaimba wimbo. Ndipo Kidawa akawasha.

Mchezo ukaanza vizuri sana, kwa wimbo wa taifa. Haukuweza kukatishwa. Kisha Kidawa akajiona: sura yake ile ya kwenye kitambulisho, ya mtu aliyeambiwa asicheke akashtuka, imewekwa juu ya mwili usiopinda magoti. Akatembea barabarani. Nyumba zilikuwepo, ila milango ilikuwa imechorwa tu ukutani, haifunguki. Soko lilikuwepo, lenye nyanya peke yake, kila meza nyanya, na muuzaji hana mdomo. Jua liliwaka lakini hakuna mtu wala mti uliokuwa na kivuli.

"Bonyeza kitu, dada Kidawa," vijana wakasema.

Kidawa akabonyeza kitufe cha kwanza kwenye ile pedi ya kuchezea. Akapiga makofi. Cha pili, akapiga makofi kwa nguvu. Cha tatu, makofi kwa mikono juu. Vitufe vyote vilikuwa vya makofi.

Akakimbilia Ikulu, banda zima likiwa limebana pumzi. Geti lilikuwa limechorwa. Ikulu yenyewe ilikuwa picha, na nyuma ya picha palikuwa na weupe mtupu unaoumiza macho.

Kijana mmoja wa nyuma akapiga mwayo, mwayo mrefu wenye sauti, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa matatizo yetu.

"Twende tukajitazame nyumbani basi," Chande akasema kuwachangamsha watu. "Nataka nione kama huko nako nina grisi."

Kidawa akageuka, akaenda mpaka nyumbani kwao. Kwa kuwa alikuwa mwenye nyumba, picha ikamwingiza ndani. Kulikuwa na kitanda, kulikuwa na kiti kimoja. Chande hakuwemo. Wakatafuta nje, sokoni, kwenye msururu wa wapiga makofi. Wakaandika namba ya kitambulisho chake, na mchezo ukajibu kwa herufi kubwa: HAKUNA MTU HUYO.

"Labda nimeenda dukani," Chande akasema.

Watu wakacheka. Kidawa hakucheka. Nilimwona akimshika mumewe mkono juu kidogo ya kiwiko, kama mtu anayepima nguo.

*

Sasa, Kidawa ni mtu wa kusema. Kesho yake alipiga simu kwenye kipindi cha salamu redioni, na badala ya salamu akasema, "Mimi ni bingwa wa Mtaa wa Matanuri. Hili gemu ni tupu. Tumesubiri miaka yote, tumepewa makofi. Na mume wangu mmemsahau."

Redio ikapiga muziki wa kwaya mpaka magharibi.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na vijana nchi nzima wakaanza kurudisha mchezo. Waliuweka kimya kimya kwenye ngazi za Wizara, boksi juu ya boksi, mpaka Waziri akawa anaingia ofisini kupitia dirishani. Wengine walikaa mbele ya majengo ya Serikali wakipiga miayo. Hawakurusha jiwe hata moja. Jeshi la polisi, lililofunzwa kwa ajili ya mawe, lilipata taabu sana.

Ikaundwa Kamati ya Kuchunguza Kukata Tamaa. Mimi kama mjumbe niliitwa kuhudhuria, nikakaa nyuma karibu na feni. Yule kijana aliyepiga mwayo bandani kwa Kidawa ndiye aliyeletwa wa kwanza.

"Siku ya uzinduzi ulipongeza?" Mwenyekiti akamuuliza kwa upole.

"Nilipongeza, mheshimiwa."

"Kwa dhati?"

"Kwa dhati kabisa."

"Na leo unasema mchezo mbaya. Basi ama ulilidanganya taifa siku ile, ama unalidanganya leo. Chagua siku."

Kijana alifikiri mpaka jasho likamtoka, akachagua leo. Akahukumiwa kucheza mpaka afurahi. Nasikia bado anacheza. Aliyefuata akachagua siku ile, na huyo sina habari zake, na mama yake ameacha kuniuliza.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimetulia. Niliona haki imetendeka. Usingizi tu ndio uliokataa kuja, nadhani kwa sababu ya joto.

*

Watu wenye busara walishauri kwamba mchezo urekebishwe. Waziri alieleza bungeni kwa nini jambo hilo haliwezekani: mafundi waliotengeneza walikuwa wameshatunukiwa nishani, na mtu aliyetunukiwa nishani haitwi tena kazini, ni kumvunjia heshima. Tena kurekebisha ni kukiri.

"Kuna tofauti kati ya mchezo na nchi," alisema. "Hilo hatulikatai. Swali ni kipi kati ya viwili hivi kimepongezwa zaidi."

Bunge zima likasimama na kushangilia. Hivyo ndivyo ilivyoanza Operesheni Linganisha, ya kuirekebisha nchi ifanane na mchezo.

Walianza na vitu vidogo. Milango ya zahanati, ya mahakama na ya ofisi ya maji ikaondolewa, kuta zikazibwa, na juu yake wakachora milango mizuri kuliko ile ya zamani. Sokoni pakaruhusiwa nyanya tu. Ilikuwa vigumu kidogo mwanzoni, hasa kwa watoto wachanga. Suala la vivuli liliwasumbua wataalamu kwa muda, mwisho ikaamuliwa kwamba raia watoke nje saa sita mchana, jua likiwa utosini, na anayelazimika kutoka saa nyingine apite ubavuni mwa ukuta ili kivuli chake kipotelee kwenye kivuli cha Serikali. Nilikuwa nasimama barabarani kuwakumbusha watu. Wengi walikuwa wakinisalimia kwa heshima na kupita wameinama.

Kisha wakafika kwenye watu.

Ilibainika kwamba Chande hakuwa peke yake. Katika kila mtaa walikuwepo watu ambao mchezo hauwajui. Serikali haikuwachukia. Iliwapa jina zuri tu, Ziada. Ilitangaza kwamba Ziada wote watahifadhiwa mahali panapoitwa Ghala la Toleo la Pili, mpaka hapo toleo la pili la mchezo litakapotoka na wao kuingizwa. Toleo hilo tulikuwa tumeshalipongeza. Yakaja malori yenye maturubai yaliyofungwa mpaka chini. Watu walipanda wamebeba mablanketi na masufuria, wengine wakicheka cheka kwa aibu, kama walioitwa na mwalimu mbele ya darasa. Hakuna aliyejua ghala liko wapi. Malori yalirudi yakiwa yameoshwa.

Kidawa alikuja kwangu asubuhi, amejitanda kanga mbili.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Marahaba, mwanangu. Umepita ubavuni mwa ukuta?"

"Nimepita. Mjumbe, Chande wanamchukua lini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba lori la mtaa wetu lingekuja wiki ile. Akakaa chini pale pale kizingitini.

"Huyu mtu ninaye. Ananikoromea. Jana amenitengenezea mguu wa meza. Wanawezaje kumtoa kwa sababu hayumo kwenye televisheni?"

"Usiseme kwa sauti, mwanangu."

"Nisaidie, baba. Mimi ndiye niliyesema mchezo mbaya. Kama ni kukosa nimekosa mimi. Yeye kosa lake nini?"

Nilimhurumia. Nasema wazi, nilimhurumia sana, na huruma haijapigwa marufuku hadi naandika haya. Nikavaa kofia yangu ya uzinduzi, tukaenda wote kwa Waziri. Tuliingia kupitia dirishani.

Mheshimiwa Fumbwe alitupokea vizuri, akatupa nyanya. Akamsikiliza Kidawa mpaka mwisho, macho amefumba.

"Dada yangu," akasema, "taifa limeumizwa na maneno yako. Wewe ni bingwa, vijana wanakusikiliza. Njoo Jumamosi uwanjani, uupongeze mchezo mbele ya watu wote, kwa dhati. Ukifanya hivyo, mimi mwenyewe nakuahidi: aliyekosekana kwenye mchezo ataingizwa. Wa kwanza kabisa."

"Na hatapanda lori?"

"Aliyekosekana ataingizwa," Waziri akarudia.

Kidawa akamshukuru. Njiani midomo yake ilikuwa ikicheza, anapanga maneno.

*

Jumamosi uwanja ulifurika. Ilikuwa saa sita mchana na hakuna mtu aliyekuwa na kivuli, kitu kilichopendeza sana. Chande alikaa jukwaani karibu na mimi, amevaa shati jeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mikono yake ilikuwa safi. Alikuwa akiiangalia kana kwamba ameiazima.

Kidawa akapanda jukwaa kuu, akashika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, mnanijua. Nilisema mchezo huu mtupu, na nilikosea, nilikuwa na haraka. Nimeurudia. Nimetembea ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyanya zake ni nyekundu kuliko zetu. Milango yake haivunjwi na wezi. Watu wake hawaumwi, hawazeeki, hawakosi kazi, kwa sababu kazi yao wanaijua. Friji siitaki tena. Nimekagua kila kona, ndugu zangu, na mimi ni bingwa, sidanganyiki." Hapo akamtazama Chande, akatabasamu, tabasamu la mtu anayetua mzigo kichwani. "Mchezo huu haukosi kitu."

Uwanja ulilipuka. Wazee walilia. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Waziri Fumbwe akainuka, akasubiri kelele zipungue.

"Mmesikia? Bingwa mwenyewe amekagua kila kona. Haukosi kitu. Hayo ni maneno yake, si yangu." Akamgeukia Kidawa kwa sauti yake ile nyembamba. "Sasa, dada yangu, kama mchezo haukosi kitu, basi haukosi mtu. Na kama haukosi mtu, yule bwana mwenye shati jeupe ni nani?"

Chande akasimama. Alikuwa na adabu.

"Ni mimi, mheshimiwa. Chande. Fundi baiskeli."

"Nani anasema?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaanza kupungua safu kwa safu, kuanzia chini kwenda juu, mpaka nikasikia bendera zikipepea.

"Mliniahidi!" Kidawa akapiga kelele. "Ulisema ataingizwa!"

"Tuliahidi kumwingiza aliyekosekana. Wewe umethibitisha mbele ya taifa kwamba hakuna aliyekosekana. Tunakushukuru sana."

Vijana wa usalama wenye miwani wakaja wakamshika Chande huku na huku. Hakupigana nao. Walipomfikisha ngazini akageuza shingo, akaita kwa sauti yake ya kila siku, "Kidawa, lile kopo la grisi lifunike. Vumbi litaingia."

Nilitazama chini. Nilikuwa nimekaa karibu naye mno, na vijana wale walikuwa wananitazama mimi.

*

Baada ya hapo yalifuata maelekezo ya kawaida. Kwa kuwa Chande hakuwahi kuwepo, Kidawa hakuwa mjane wala hakuwa ameachika, alikuwa binti tu ambaye bado hajaolewa, na nikaagizwa nimtambulishe hivyo. Majirani walikatazwa kumpa pole. Ugumu ulikuja kwenye baiskeli. Mtaa mzima ulikuwa ukitembelea baiskeli alizotengeneza Chande, na ofisi ikauliza inawezekanaje baiskeli itengenezwe na asiyekuwepo. Ikaamriwa kila moja irudishwe katika ubovu wake. Tulikaa barabarani mchana kweupe, wazee kwa vijana, tukifungua minyororo, tukitoboa mipira, tukipinda spoku. Mzee mmoja alisahau breki yake ilikuwa na ubovu gani, akaadhibiwa. Yangu niliitoa mnyororo mwenyewe. Iliacha kulia.

Banda la Kidawa lilibaki wazi, na vijana waliendelea kuja. Hawakucheza. Walikaa tu kwenye mabenchi wakiitazama televisheni iliyozimwa, na nilipowauliza wanafanya nini walisema wanafurahi. Sikuwa na sheria ya kuwatoa.

Miezi ikapita. Siku moja Kidawa akanisimamisha nje ya banda, saa sita hasa, watu wakipita. Kanga ilikuwa imekaza mbele. Hata mimi, ambaye huwa sitazami matumbo ya watu, niliona.

"Mjumbe," akasema, "nina jambo. Nipongeze."

"Kwa lipi, mwanangu?"

"Wewe nipongeze kwanza. Ndiyo desturi. Kitakachokuja kipongeze kabla hakijaonekana, na mkishakipongeza nyie wakubwa, hakirudishwi. Nipongeze hapa hapa, watu wasikie."

Nilielewa anachotaka. Mchezo ulikuwa umekamilika, na mtoto huyu hayumo, wala asingeweza kuwamo. Alikuwa Ziada kabla hajapata jina. Neno moja tu la mjumbe, mbele ya mashahidi, lingekuwa pongezi rasmi.

Nilifungua mdomo. Wallahi niliufungua. Nimepongeza mashimo, nimepongeza daraja la nchi kavu, nimempongeza Mtukufu kwa mvua na kwa ukame wiki moja. Lakini watu walikuwa wamesimama, na miongoni mwao sikujua nani ni nani.

"Ngoja kidogo, mwanangu," nikasema. "Nikaulize ofisini kwanza."

Kidawa alinitazama. Hakulia, hakunitukana. Alisema polepole, "Daraja hukuliulizia," akageuka akaingia ndani.

Nikaenda kuuliza, kwa nia njema. Ofisini walinisikiliza kwa umakini ambao sikuwa nimeuzoea. Afisa mmoja akanisifu kwa uangalifu wangu, akachukua kishikwambi chake na msaidizi wake, wakanipakia kwenye gari lao, kiti cha mbele. Nilitaka watu wanione, lakini barabara ilikuwa tupu.

Nyumbani kwa Kidawa jiko lilikuwa bado na moto. Kitanda kilitandikwa. Kopo la grisi halikuwepo, wala sufuria ndogo, wala yeye. Nyuma ya nyumba kulikuwa na nyayo kwenye vumbi, nyayo za mtu anayetembea taratibu amebeba uzito, zimefuata njia ile ya udongo inayopita nyuma ya matanuri na kuelekea milimani.

"Njia hii inakwenda wapi?" afisa akauliza.

"Ipi, mheshimiwa?" nikamjibu. Sijui kwa nini nilijibu hivyo.

Akafungua kishikwambi, akautafuta mtaa wetu kwenye Taifa Kamili. Nyuma ya matanuri mchezo ulionesha ukuta, umechorwa mbingu ya buluu. Akainua macho akaitazama njia. Akarudi kwenye kishikwambi.

"Tukimfuata," msaidizi akasema kwa sauti ya chini, "taarifa tutaandika tumepitia wapi?"

Walisimama pale muda mrefu, vivuli vyao vikiwa vimeanza kuota miguuni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukanyaga. Hatimaye afisa akamtafuta Kidawa mwenyewe kwenye mchezo, akamwona ameketi kitandani, peke yake, na sura ile ya kushtuka. Akashusha pumzi. Wakaandika kwamba mhusika yupo nyumbani, wakaweka sahihi kwa jina langu, wakaondoka.

Tangu hapo mtaa umekuwa na utulivu wa ajabu. Watu wanaoga mapema. Wanawake wanakuja kwangu kuuliza, kwa sauti za kawaida kabisa, ni kweli kwamba nyuma ya matanuri hakuna njia? Ninawaambia ni kweli, hakuna, nimethibitisha na Serikali imethibitisha. Wananishukuru, wanakwenda kufunga vitu vyao. Wiki iliyopita nyumba mbili ziliamka hazina watu, na ofisi ilipotazama ikawakuta wote kwenye mchezo, wanapiga makofi. Juzi zikawa nyingi zaidi. Vijana wa bandani nao hawaji tena kufurahi. Nikisimama barabarani kuwakumbusha watu kuhusu kuta, nakumbusha mbuzi.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Leo asubuhi nimevaa viatu vyangu vya ngozi, nikafunga mlango, nikaenda kukagua mwenyewe ile njia isiyokuwepo, ili nikiulizwa niwe na jibu. Nimetembea juu yake mpaka matanuri yakawa madogo nyuma yangu, na nyayo za watu zimejaa kila upande, na kote huko nilikopita haikuwepo.